Forodha, Zahanati, Maduka: Historia ya Jengo Moja la Mizingani, Unguja, na Suala la Kodi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya jengo la Mizingani, mjini Zanzibar, linalojulikana kama Zahanati ya Zamani, tangu lilipowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 hadi lilipokarabatiwa katika miaka ya 1990 na kugeuzwa kuwa jengo la maduka na ofisi. Hoja inayotetewa ni kwamba uzuri wa roshani zake hautoshi kueleza historia ya jengo hili. Panahitajika kuulizwa, katika kila kipindi, ni nani aliyekusanya kodi ya vyumba vyake na ni sehemu gani ya kodi hiyo iliyorudi kwenye paa. Makala inaangalia pia msamiati wa Kiswahili wa ujenzi, kwa kuwa maneno hayo yamebeba ujuzi ambao ukarabati wowote wa Mji Mkongwe unauhitaji.

Jina na nia

Mji Mkongwe umejaa majina yaliyobaki baada ya vitu vyake kuondoka. Darajani hakuna daraja, kwa kuwa mkono wa bahari uliolihitaji ulikwisha kufukiwa. Forodhani watu hukusanyika jioni kula mishikaki na urojo, wala hapana tena shehena inayotozwa ushuru. Msemaji wa Kiswahili hasumbuliwi na hali hiyo. Jina la mahali likishakaa, halidaiwi ushahidi.

Jina la Zahanati ya Zamani, hata hivyo, lina ugeni wake. Abiria anayeshuka kutoka kwenye boti ya Dar es Salaam na kuifuata Barabara ya Mizingani hukutana na jengo hili mapema, kabla hajafika kwenye Mtini na kwenye Forodha ya zamani. Huona roshani za mbao zilizochongwa kwa wingi wa nakshi, vioo vya rangi na lipu iliyofinyangwa maua, akadhani ni kasri. Akiambiwa ni zahanati, hustaajabu. Mshangao huo una msingi. Jengo halikukusudiwa kuwa kasri, lakini pia halikukusudiwa kuwa zahanati ndogo ya chini yenye wapangaji juu. Lilikusudiwa kuwa hospitali. Hospitali hiyo haikufunguliwa kamwe. Jina tunalolitumia leo limetokana na matumizi ya katikati, yaliyokuja baada ya nia ya kwanza kushindikana na kabla ya matumizi ya sasa kubuniwa.

Jambo hili si la majina tu. Mjadala wa kukarabati majengo ya kale mara nyingi huongozwa na shauku ya kulirudisha jengo katika hali yake ya awali. Jengo la Mizingani linauliza swali gumu: hali ipi ya awali?

Mali iliyotoka forodhani

Aliyeliagiza jengo ni Tharia Topan, mfanyabiashara Mhindi wa jamii ya Khoja Ismailia, mzaliwa wa Kachi. Alikuja Unguja akiwa mtoto, akapanda ngazi za biashara hadi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani nzima. Katika miaka ya 1870, enzi ya Sultani Barghash bin Said, alikodi forodha ya Zanzibar, nafasi iliyokuwa kwa miaka mingi mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji.

Utaratibu huo unastahili maelezo, kwani ndiyo mzizi wa jengo. Sultani hakuwa na idara ya ushuru yenye makarani wa serikali katika kila bandari. Alimkodisha mfanyabiashara mmoja haki ya kukusanya ushuru. Mkodi alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru bandarini kwa watu wake mwenyewe. Kilichozidi kilikuwa chake, na hasara pia ilikuwa yake. Sultani alipata fedha za uhakika, mara nyingi kabla hazijakusanywa, na mkodi alipata faida pamoja na jambo lenye thamani kuliko faida: kujua nani anaingiza nini, nani anadaiwa na nani anaweza kukopeshwa.

Hapa Kiswahili kinasaidia kuliona jambo ambalo lugha nyingine hulificha. Neno kodi kwetu hubeba malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na hubeba vilevile malipo ya raia kwa serikali. Kukodi na kukodisha hutumika kwa chumba, kwa shamba, kwa chombo cha usafiri. Forodha ya Barghash ilikodishwa kwa maana kamili ya neno: Tharia Topan alikuwa mpangaji wa hazina ya Sultani kabla ya wapangaji wengine kuja kukaa katika jengo lake.

Chanzo cha pili cha mali yake kilikuwa mkopo wa misafara. Msafara wa bara ulihitaji mtaji mkubwa wa bidhaa: nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Wenye misafara wengi hawakuwa na mtaji huo. Walichukua mali kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja na kulipa kwa pembe za ndovu warudipo, pengine baada ya miaka kadhaa. Miongoni mwa waliokopeshwa na Tharia Topan ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, na uhusiano wao umetajwa katika maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, maandishi ambayo ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha hii. Mtafiti wa lugha huyasoma maandishi hayo kwa ajili ya sarufi yake na masimulizi yake. Mwanahistoria wa majengo anaweza kuyasoma kama daftari la mkopeshwaji. Deni lililofunguliwa Unguja lilitembea kwa miguu ya wapagazi hadi Tabora, Ujiji, na ng'ambo ya ziwa hadi Maniema.

Kwa wasomaji wa nchi za bara, hili si jambo la mbali. Njia iliyoleta pembe Mizingani ndiyo iliyopeleka Kiswahili Kasongo na kuchangia kuzaliwa kwa Kiswahili kilichokuja kuitwa Kingwana, mashariki mwa Kongo. Ndiyo iliyopeleka pia bunduki, na iliyoshusha watumwa. Haifai kuzitenganisha habari hizi ili jengo lipate kupendeza zaidi. Tajiri aliyetaka kuwajengea maskini hospitali alikuwa na fedha kwa sababu ya biashara iliyowafanya watu wengi wa Maniema na Unyamwezi kuwa maskini zaidi, au kuwa mali ya wengine. Sadaka yake ilikuwa ya kweli, na daftari lake pia lilikuwa la kweli.

Hospitali ambayo haikuwa

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka wa yubilei ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na hospitali ilinuiwa kuwa kumbukumbu ya sherehe hiyo. Uchaguzi wa kumbukumbu ulikuwa na maana yake. Wahindi wa Unguja walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na mfanyabiashara mwenye busara alijua upepo unakovumia; miaka michache baadaye, mwaka 1890, Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Jengo lilipandishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingine za mji, lakini mapambo yake yalifuata mtindo uliokuwa ukipendwa katika miji ya Bara Hindi chini ya Waingereza. Msaji uliotumika katika roshani na ngazi ulitoka ng'ambo. Ndani upo uwanja wa kati uliozungukwa na vibaraza vya kila ghorofa, ili hewa ipande na joto litoke. Neno roshani lenyewe linafaa hapa. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya mwanga, na roshani za Mizingani zinafanya kazi ya jina lao, kwani huingiza mwanga uliopunguzwa ukali kwa nakshi.

Tharia Topan alifariki mwaka 1891 kabla ujenzi haujakamilika. Mjane wake aliuendeleza, lakini fedha hazikutosha kulifikisha jengo kwenye lengo lake. Mwaka 1900 liliuzwa, likachukuliwa na mfanyabiashara mwingine Mhindi, Haji Nasser Nur Mohamed, wa jamii ya Ithnaashari. Chini iliwekwa zahanati ya sadaka. Ghorofa za juu ziligawanywa kuwa makao ya wapangaji.

Waandishi wengi hupita haraka mahali hapa, kana kwamba mgawanyo huo ulikuwa aibu ndogo kwa jengo lililonuiwa makubwa. Makala hii inaona kinyume. Hospitali ya Tharia Topan ilikuwa na nia kubwa lakini ilitegemea mfuko wa mtu mmoja. Mtu huyo alipoondoka, ilisimama. Zahanati ya baadaye ilikuwa ndogo, lakini chini ya dari moja palikuwa na huduma isiyolipiwa na vyumba vinavyolipiwa. Pwani ilizoea utaratibu wa aina hiyo tangu zamani kupitia wakfu: duka au nyumba hutengwa, kodi yake ikanunua mafuta ya taa za msikiti, ikamlipa mwalimu wa chuo, ikaziba paa linalovuja. Haihitajiki kudai kwamba zahanati ilikuwa wakfu kisheria ili kuutambua mpango huo wa fikra: mali ya kibiashara inaibeba sadaka, na jengo linabeba vyote viwili. Kwa zaidi ya miongo sita jengo lilisimama kwa mpango huo, na ndipo lilipopata jina linalolitumia hadi leo.

Paa, boriti na chokaa

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wahindi wengi waliondoka Zanzibar, wakiwamo wakaaji wa jengo la Mizingani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zilipewa vyumba ndani yake. Kwa familia hizo lilikuwa tendo la haki, na haifai kulisimulia kama msiba wa majengo pekee. Lakini kodi iliyotozwa, pale ilipotozwa, ilikuwa ndogo mno kuweza kuyatunza majengo, na serikali ilielekeza nguvu zake katika nyumba mpya, hasa majumba ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Jengo la Mizingani likawa chini ya serikali, likachakaa.

Namna jengo la aina hii linavyokufa inaeleweka vizuri na mafundi, na si jambo la ghafla. Ukuta wa matumbawe ni mnene lakini si mgumu. Umeshikwa na chokaa na udongo, na unyevu hauuachi. Chokaa huuruhusu ukuta kupumua: maji yanayoingia hutoka. Dari na sakafu hubebwa na boriti za mikoko, ambazo ncha zake zimelala ndani ya ukuta. Bomba la paa likiziba, maji hutiririka ukutani. Ukuta ukibaki umelowa, ncha za boriti huoza zikiwa zimefichika, na chumba huonekana kizima mpaka siku dari inaposhuka. Mti ukimea kwenye ufa wa paa, mizizi yake hufanya kazi ya nyundo.

Dawa iliyopendwa tangu katikati ya karne ya 20 ilikuwa saruji. Ni rahisi kupatikana, hukauka upesi, na ukuta huonekana mpya kwa mwaka mmoja au miwili. Kisha lipu ya saruji huyafungia maji na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, chumvi hujikusanya nyuma yake, na lipu hubanduka pamoja na sehemu ya jiwe. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeumizwa na wema wa aina hiyo kuliko zilivyoumizwa na kupuuzwa.

Ukarabati wa kweli, basi, ulihitaji kurudi kwenye chokaa, na kurudi kwenye chokaa kulihitaji watu wanaoijua. Ujuzi huo umehifadhiwa katika maneno. Biashara ya mikoko ilizipanga nguzo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba cha pwani, takribani mita tatu, hata fundi hakuhitaji mchoro kujua chumba kitakavyokuwa. Mawe ya chokaa yalichomwa tanurini kwa kuni, chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ilainike kabla ya kutumika. Niru, chokaa laini, ilimaliza ukuta. Sakafu ilikuwa chokaa na vipande vya mawe vilivyopigwa kwa virungu siku nyingi, watu wakiwa wamepanga safu na kuimba ili mapigo yaende pamoja. Neno sakafu kwa asili ya Kiarabu ni paa au dari. Katika Kiswahili limeshuka chini ya miguu, na nyumba ya ghorofa inaeleza sababu: dari ya anayekaa chini ndiyo anapokanyaga anayekaa juu, na zote mbili zimepigwa kwa kazi moja.

Mtu aliyezoea saruji husema sakafu akiwa na maana ya kitu kinachomiminwa na kuachwa. Fundi wa chokaa alisema sakafu akiwa na maana ya kitu kinachopigwa. Mkataba wa ukarabati unaoandika neno hilo bila kuweka wazi ni sakafu ipi unaweza kulijeruhi jengo kwa neno moja.

Kukarabati kwa ajili ya nani

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na katika miaka hiyo Zanzibar ilikuwa ikifungua milango ya biashara huria na utalii. Mwaka 1990 jengo la Mizingani lilikodishwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Kazi ya kulikarabati ilimalizika mwaka 1994. Mbao zilizooza zilibadilishwa, nakshi zilizopotea zilichongwa upya kwa kufuata zilizobaki, lipu ilirudiwa kwa chokaa, na kazi yenyewe ilitumiwa kuwafunza mafundi wa Zanzibar ujuzi uliokuwa ukififia. Faida hiyo ya mwisho pengine ni kubwa kuliko jengo. Jengo moja lililokarabatiwa na mafundi wa kuletwa hubaki jengo moja, ilhali fundi aliyefunzwa kuzima chokaa huenda kwenye nyumba ya pili na ya tatu, katika mji wenye majengo takribani 1,700.

Hapa ndipo swali la hali ya awali lilipohitaji jibu. Kulirudisha jengo kuwa hospitali hakukuwezekana, kwa kuwa halikuwahi kuwa hospitali. Kulirudisha kuwa zahanati yenye makao ya wapangaji juu kungelirudisha katika historia yake ndefu zaidi, lakini vyumba vilivyogawanywa vilikuwa sehemu ya msongamano uliolichosha. Uamuzi ulikuwa kuliondolea jengo migawanyo hiyo, kuuacha uwanja wa kati uonekane tena, na kuliweka katika matumizi ya maduka chini na ofisi juu, chini ya jina la Kituo cha Utamaduni cha Mji Mkongwe.

Istilahi za Kiswahili hazijatulia katika eneo hili, na jengo hili linaonyesha hasara yake. Neno ukarabati hutumika kwa barabara yenye mashimo, kwa darasa lililong'olewa mabati na kwa kasri la karne ya 19, bila tofauti. Uhifadhi huelekea zaidi kwenye kulinda kisiharibike kilichopo. Urejeshaji hudai kipo kilichokuwapo ambacho kinarudi. Kazi ya Mizingani ilikuwa uhifadhi katika kuta, urejeshaji katika nakshi, na katika matumizi ilikuwa jambo la tatu ambalo halina neno moja lililokubalika: kulipa jengo la kale kazi mpya. Mtu anayeliita jambo hilo urejeshaji atalihukumu kwa uaminifu wake kwa wakati uliopita. Anayeliita uendelezaji atalihukumu kwa mapato. Jina la Mamlaka limeyaweka yote mawili pamoja, hifadhi na uendelezaji, na huenda waliolitunga walikuwa wakweli kuliko walivyokusudia.

Kazi mpya ina matakwa yake. Ofisi inahitaji umeme wa kutosha, vyoo kila ghorofa, mabomba, na siku hizi viyoyozi. Kila kimoja kinataka kutoboa ukuta ambao haupendi kutobolewa, na maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yanaweza kuirudia kazi mbaya iliyofanywa na bomba lililoziba. Uwanja wa kati ulibuniwa ili nyumba ipoe bila mashine. Mpangaji anayefunga madirisha na kuwasha kiyoyozi analitumia jengo kama boksi la saruji, na ni vigumu kumlaumu ikiwa hakuna aliyemweleza jengo linafanyaje kazi.

Mpangaji wa sasa

Jengo la maduka linahitaji wateja wa maduka. Katika Mji Mkongwe, mteja anayeweza kulipa bei inayolingana na kodi ya jengo lililokarabatiwa kwa gharama kubwa ni mgeni. Ndiyo sababu fremu za maduka katika majengo mazuri ya mji zimejaa vinyago, vikoi na picha za kuning'iniza. Neno fremu lenyewe, kwa maana ya chumba cha duka cha kupangisha, limetoka mtaani bila kusubiri kamati yoyote ya istilahi, na linaeleza vyema namna mji unavyojitazama: upenyo wa kupangishwa, wenye mlango unaotazama njia. Mkaazi wa Malindi au wa Kiponda anayetafuta sindano, sabuni au betri haendi huko. Jengo lililonuiwa maskini, likawatibu wagonjwa wa mtaa bila malipo, sasa lina sababu chache za kuingiwa na mtu wa mtaa huo.

Ni haki kulitaja hili, na ni haki pia kutaja upande wa pili. Jengo limesimama. Lango la mbele ya bandari halikugeuka kifusi. Majengo mengine ya ufukweni yamefuata njia zinazofanana na zisizofanana: jengo la zamani la kampuni ya simu za baharini huko Shangani liligeuzwa hoteli ya Serena katika miaka hiyohiyo ya 1990, na hoteli hiyo hulitunza kwa sababu ya mapato yake, Forodha ya zamani, jirani kabisa na Zahanati, ilipata kuwa makao ya chuo cha muziki kinachofundisha taarabu na ngoma. Katika jengo la pili mtoto wa mtaa anaingia na udi mkononi, lakini ada ya wanafunzi haiwezi kulipa paa, na chuo kimetegemea wafadhili. Mtu aliyeona majengo haya matatu yaliyo katika ufukwe mmoja ameona karibu mjadala wote.

Mfano wa nne ni mchungu. Beit el-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, halikuwa la biashara; lilikuwa jumba la sherehe, kisha la ofisi za serikali, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili walipoteza maisha. Sheria ya Mji Mkongwe ilikuwapo tangu 1994, na hadhi ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Vyote viwili ni vya lazima, lakini hakuna hata kimoja kinachopanda juu ya paa kuzibua bomba kila mwezi wa Machi kabla ya masika.

Kazi hiyo ya Machi haina mfadhili, wala haipigwi picha. Fedha za wahisani huja kwa ukarabati mkubwa, wenye tarehe ya kuanza na sherehe ya kufungua. Utunzaji hauna sherehe. Katika mpango wa zamani wa wakfu, kwa upungufu wake wote, gharama ya kutunza ilihesabiwa kabla faida haijagawanywa: paa kwanza, kisha mwalimu, kisha walionufaika. Mkataba wa kukodisha jengo la kihistoria leo unaweza kuandikwa kwa mpangilio huohuo, ukataja asilimia ya kodi ambayo haiwezi kwenda popote isipokuwa kwenye jengo, na ukataja fremu moja au mbili ambazo mpangaji wake atakuwa mtu wa mtaa, kwa kodi ya mtaa. Fundi viatu, mshonaji au muuza dawa katika fremu ya pembeni hatapunguza uzuri wa roshani, na chini ya jina hili la Zahanati muuza dawa angekuwa na haki zaidi ya wote.

Kuna kazi inayowahusu moja kwa moja watu wa Kiswahili, nayo haiwezi kungoja mikataba. Mafundi waliofunzwa Mizingani kati ya 1990 na 1994 walikuwa vijana. Sasa ni wazee au wanakaribia. Maneno wanayotumia kwa hatua za kuzima chokaa, kwa viwango vya uteketeke wake, kwa sauti ya sakafu iliyoiva na ile ambayo bado, yanahitaji kurekodiwa kutoka vinywani mwao wakiwa kazini, virungu mkononi. Mafundi wa Lamu na Mombasa wanayo ya kwao, na tofauti za matamshi na maana kati ya miji hiyo mitatu zinastahili kuandikwa zilivyo, bila kusawazishwa, kabla ya kuingizwa katika orodha yoyote ya istilahi za ujenzi.